Siagi Marehemu ya Mzee Nassor

Nyie vijana mnaokwenda kufundisha kwa kujitolea, neno langu la kwanza ni hili: tai iacheni nyumbani. Mie nilifika Mbagala nimevaa tai. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, na tai yenyewe nilikuwa nimeinunua kwenye mitumba ya Tandika, ina picha ya mtu anateleza kwenye theluji. Darasa la tatu walikuwa zaidi ya mia. Nilifundisha kipindi kizima kwa bidii zote, na mwisho nikauliza kama kuna mwenye swali. Mikono ikapaa darasa zima. Nikafurahi kweli. Nikamchagua binti mmoja wa mbele, anaitwa Siwema. Akasimama, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyo mtu wa kwenye shingo yako anaanguka au anacheza?"

Mikono yote iliyobaki ikashuka. Lilikuwa ndilo swali lao wote.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Shirika moja lilichukua vijana waliomaliza chuo kikuu, likawagawa kwenye shule za msingi za pembezoni mwa jiji, zile ambazo mwalimu akipangiwa anaanza kuumwa mgongo. Mnakaa miaka miwili, mnapewa posho kidogo na baiskeli. Zamani ukimaliza chuo serikali ilikuwa inakupangia kazi. Sie tulimaliza wakati mambo yamegeuka, kila mtu ajitafutie. Wenzangu walikuwa wanavizia zile benki mpya na kampuni za kuagiza magari. Mie nikasema acha nipoteze miaka miwili Mbagala, halafu na mie niende benki. Nimestaafu mwaka juzi, nikiwa mwalimu. Sasa ngojeni niwaeleze ilikuwaje.

Kila kijana wa mpango alitakiwa kuwa na mwalimu mwenyeji wa kumshika mkono. Wa kwangu alikuwa Mwalimu Mwanahawa, Mzaramo wa hapohapo, aliyekuwa amewafundisha wazazi wa nusu ya darasa langu. Mwili mkubwa, sauti ndogo. Mie nilikuwa napiga kelele mpaka koo linawaka moto. Yeye anaongea chinichini, na watoto wanasogeza vichwa wamsikie.

"Ukipiga kelele," aliniambia, "na wao wanapiga, ili wasikilizane. Wewe nong'ona. Mtoto wa uswahilini akisikia mtu ananong'ona anajua hapo pana umbeya. Atanyamaza mwenyewe."

Nimefundisha miaka yote hii, nimehudhuria semina nisizoweza kuzihesabu, na sijapata mbinu inayoishinda hiyo.

Basi, baada ya wiki chache nikaanza kujiona mwalimu. Darasa langu lilikuwa linasoma! Nikifungua kitabu cha Kiswahili, wanasoma ukurasa mzima kwa pamoja, bila kukwama, kwa sauti tamu kama wanasoma maulidi. Nikaandika taarifa kwa wakubwa wa mpango mjini kwamba Mbagala hakuna tatizo la kusoma, labda nihamishiwe kwenye shida zaidi.

Siku moja nikawa nawasikiliza huku na mie nafuata kwa kidole kwenye kitabu changu. Walimaliza habari za kuku wa Bibi, wakaingia habari za safari ya Mjomba. Mjomba akapanda basi, Mjomba akasahau kofia, Mjomba akarudi. Mie natafuta huyo Mjomba simwoni. Nikafunua mbele, nikarudi nyuma. Hayupo. Nikaomba kitabu cha mtoto wa pembeni, hayupo. Ndipo nikaona mabaki ya karatasi katikati. Ukurasa ule ulikuwa umechanwa kwenye vitabu vyote tulivyokuwa navyo, na darasa zima lilikuwa limeusoma vizuri sana.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mwanahawa nikiwa kama mtu aliyeibiwa.

"Ule wa Mjomba?" akasema. "Aa, ule ulichanwa zamani. Ulikwenda kufungia karanga, wakati ule wa shida, karatasi hakuna. Lakini wanaujua. Kaka zao wameuimba, dada zao wameuimba. Hata mie naujua." Na akanisomea Mjomba wote, mpaka kofia.

"Kwa hiyo hawajui kusoma."

"Wanajua kuimba. Kusoma watajua siku ukiwaletea kitu ambacho bado hakuna aliyekiimba."

Ningekipata wapi? Shule haikuwa na vitabu vingine. Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi nikala biskuti zangu, ndio ulikuwa mlo wa mchana, na nilipomaliza nikataka kutupa pakiti. Pakiti ilikuwa na maandishi mbele, nyuma na ubavuni.

Nyie mmekua mmezungukwa na vitu hivi, hamwezi kuelewa. Sie tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, ambapo duka zima lina kibiriti na mwenye duka. Halafu ghafla, milango ikafunguliwa, bidhaa zikamwagika. Maziwa ya unga, siagi za makopo, dawa za meno za kila rangi. Majalala ya Mbagala yakaanza kupendeza. Nikawaambia watoto kila mmoja alete pakiti moja au kopo moja tupu, lililooshwa. Kesho yake darasa lilikuwa kama duka limepinduka. Tukafunga waya kutoka dirisha hadi dirisha, tukatundika.

Shikeni hili, ni la kazi: darasa la watoto mia usilifundishe kama darasa moja. Niliwakalisha vikundi, kila kikundi na kopo lake, na yule anayejua kidogo anawashikia wengine. Mtoto akikosea usimpe jibu. Muulize, "Herufi ya tatu ni ipi?" Atasoma upya mwenyewe, na atakasirika kidogo. Hasira kidogo ni nzuri.

Mwanzoni ilikuwa kazi. Kundi moja lilipewa boksi la sabuni ya unga. Wakahangaika nalo kipindi kizima, mwishowe mvulana mmoja akanyanyuka, akalibeba lile boksi, akatoka nalo nje, akavuka uwanja, akaliacha kule kwenye goli la mpira. Akarudi anahema.

"Nani kakutuma?"

"Boksi lenyewe, mwalimu. Limeandikwa 'Weka mbali na watoto.' Nimeliweka mbali."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, macho yalijaa machozi. Yule alikuwa mtoto wa kwanza katika maisha yangu kusoma kitu na kukielewa mbele ya macho yangu. Jioni ile nilipokuwa naendesha baiskeli kurudi nyumbani sikuifikiria benki hata mara moja.

Maandishi ya Kiingereza waliyasoma kwa Kiswahili, na mie nikawaacha. Wakasoma "miliki" kwenye maziwa. Siku moja Siwema akaja na swali lake, maana Siwema alikuwa na swali kila siku ya Mungu.

"Mwalimu, huyu Madeini ni nani?"

"Madeini yupi?"

"Huyu hapa. Kwenye biskuti yupo, kwenye dawa ya meno yupo, kwenye betri yupo. Vitu vyote ni vyake. Ni tajiri wa Kariakoo?"

Nikaeleza kuwa ni Kiingereza, maana yake kimetengenezwa nchi fulani. Alisikitika. Alikuwa ameshamheshimu sana Madeini.

Swali lililofuata ndilo lililoniponza. Aligeuza kopo la siagi, akanionyesha chini. "Na hii E, X, P, halafu tarehe?"

Ningeweza kusema "mwisho wa matumizi", nikaishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshanogewa na ualimu, nikataka mfano utakaowakaa. Nikasema, "Hiyo ndiyo tarehe ambayo chakula kinakufa. Ikishapita, hicho si chakula tena. Ni marehemu."

Darasa likasema kwa pamoja, "Innalillahi!"

Sasa niwaeleze Mzee Nassor. Duka lake lilikuwa mkabala na shule, duka kubwa kuliko yote mtaa ule. Babu yake alitoka Uarabuni, lakini yeye alizaliwa hapohapo, na Kizaramo alikiongea kuliko wengi. Mtu wa msikiti, kanzu nyeupe, hakosi swala. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya shule. Yeye ndiye aliyepigania mpango utuletee mwalimu, na chaki zetu zilitoka kwake. Watoto wote walikuwa wanamwita babu.

Jumatatu moja, tumeanza tu kipindi, mlango ukazibwa na kanzu. Nikainuka.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Mzee Nassor kutoitikia shikamoo ilikuwa sawa na mwingine kurusha jiwe.

"Mwalimu! Watoto wako wananizikia duka!"

Kumbe kuanzia Ijumaa darasa langu lilikuwa limehamia dukani kwake. Mama anakuja kununua siagi, mtoto yupo pembeni ametumwa chumvi, anainama anasoma chini ya kopo. "Mama, usichukue, hii marehemu." Mwingine kwenye maziwa: "Hii imekufa mwezi wa pili." Mwingine amesimama mlangoni, anawapa pole wateja. Jumamosi mchana hakuna mtu aliyekuwa ananunua kitu chochote cha kopo. Mama yake Siwema alikuwa amerudisha maziwa ya mtoto wake mchanga, akayaweka juu ya meza mbele ya watu, akaondoka zake.

"Nimefanya biashara hapa kabla hujazaliwa," akaniambia. "Leo mtoto ninayempa pipi ananiambia ninauza maiti! Kamati itakaa Alhamisi. Mie nilikuleta, mie nitakurudisha."

Akageuka. Mlangoni akasimama, akatazama ule waya na makopo yake. "Na takataka hizi zishuke!"

Nikashusha. Watoto walinitazama nikishusha. Nilijua uzito wa maneno yale. Barua moja ya mwenyekiti kwenda mjini ingetosha. Mimi ningepangiwa kwingine, si hoja, ningeweza hata kuondoka nikaenda zangu benki. Lakini nilimtazama yule mvulana wa boksi la sabuni ameshika kitabu tena, na mdomo wake umeshaanza kuimba Mjomba, kabla hata hajafika kwenye ukurasa.

Alhamisi ukumbi, yaani darasa la saba, ulijaa. Kamati mbele, wazazi nyuma, na watoto wamening'inia madirishani. Mzee Nassor akasimama, akatoa kopo la siagi kwenye mfuko wa kanzu, akaligonga mezani.

"Wazazi, tazameni. Kopo zima. Halina kutu, halijabonyea. Nimelinunua mwezi uliopita tu, kwa tajiri wa jumla Kariakoo, mtu tunayesali safu moja. Limekufa wapi?"

Nikasimama, na ujana wangu na digrii yangu. "Mzee wangu, isome tu hiyo tarehe hapo chini. Tusomee sote tusikie."

Mzee Nassor akatoa miwani, akavaa. Akalipindua kopo. Akalitazama muda. Akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Na mie niliyekuwa nimesimama pale karibu nikaona kwamba maandishi ameyageuza juu chini, na hajui.

Nikafungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini. Sikupata nafasi, kwa sababu Mwalimu Mwanahawa alinikanyaga mguu kwa uzito wake wote, ule mwili niliowaambia, nikakaa chini kama gunia.

"Mwenyekiti," akasema kwa ile sauti ndogo, mpaka watu wakainamisha vichwa, "hivi viandishi vidogo namna hii, tuseme kweli, nani mzima anaviona? Mie mwenyewe hapa sioni kitu. Wanafanya makusudi hawa wenye viwanda! Wanaandika kwa macho ya chungu ili watuuzie. Mie nasema tusimhukumu mwenyekiti, mwenyekiti kaibiwa. Na sie tunao watoto wana macho. Kwa nini wasimsaidie babu yao? Mzigo ukija, kabla haujapandishwa rafuni, waukague. Duka gani Mbagala hii lina wakaguzi?"

Mzee Nassor akavua miwani taratibu. Akamtazama Mwalimu Mwanahawa, na Mwalimu Mwanahawa akawa anatazama dari.

"Viandishi vidogo sana," akasema Mzee Nassor.

"Mno," akasema Mwalimu Mwanahawa.

"Nilikuwa nataka kusema hivyohivyo."

Tulipotoka, nachechemea, nikamuuliza Mwalimu Mwanahawa kwa nini kanikanyaga. Akasimama, akanisikitikia. "Mwanangu, umekaa chuo kikuu miaka yote hukuambiwa kuna watu wanasoma kuanzia kulia? Mzee yule Kurani anayo kichwani. Mali yake yote ya dukani anaiandika kwa herufi za Kiarabu, na haipotei hata sindano. Hizi zenu hakuzisoma, alitiwa dukani mdogo. Sasa ulitaka umvue nguo mbele ya watoto wake na wajukuu?"

Vijana, hilo ndilo somo ambalo hamtaandikiwa kwenye semina. Utaingia kwenye mtaa wa watu na kitu ulichonacho, na kitu hicho kinaweza kumwinua mtu au kumwangusha, na wewe hutajua hata unalofanya. Tafuta mtu wa kukukanyaga mguu.

Wiki ileile Mzee Nassor akapakia makopo yote yaliyokufa kwenye pikapu. Akanifuata shuleni, akaitikia shikamoo yangu mapema kabla sijaimaliza, akaniomba watoto watatu. Nikaenda nao Kariakoo, Siwema akiwa mmoja. Yule tajiri wa jumla alitupokea kwa kahawa, akasema bidhaa ikitoka hairudi. Ghala limejaa wateja kutoka Kipawa, Kawe, kila mahali.

Mzee Nassor hakugombana. Alikunja mikono, akasema, "Haya, wanangu, someni."

Wakasoma. Siwema anashika kopo anatangaza tarehe, wawili wanaitikia "Marehemu!" Kopo baada ya kopo, kwa sauti ileile ya maulidi. Walipomaliza ya kwetu, wakahamia kwenye yale ya tajiri yaliyopangwa ukutani, hakuna aliyewatuma. Wateja wakaanza kupindua makopo waliyokwisha kuyabeba. Tajiri alikuja mbio, viatu mkononi. Tulirudi Mbagala na mzigo mpya, na katoni ya biskuti juu yake, ya kutuomba tusirudi.

Baada ya hapo kila Jumamosi kundi moja la darasa la tatu lilikuwa dukani. Sifa za duka zilifika mpaka kituo cha Rangi Tatu, watu wanapita maduka matano kuja kununua kwa mzee mwenye wakaguzi. Makopo yangu yakarudi kwenye waya, na mengine aliyaleta yeye, ameyaosha.

Jumamosi moja nikapita kununua mkate. Siwema yuko juu ya gunia la mchele, Mzee Nassor amekaa kwenye kibao chini yake, ameshika pakiti.

"Hii yenye mkia kama wa paka?" anauliza kwa chinichini.

"Hiyo g, babu."

"Na hii ya kabla yake?"

"Babu, si jana nilikwambia? Herufi ya tatu ni ipi?"

Ndipo akaniona. Akanyooka. "Mwalimu! Nampima huyu. Yuko vizuri."

"Naona, mzee," nikasema. "Endelea kumpima."

Alimpima mpaka mwisho wa mwaka.

Ikaja siku ya kufunga shule, mwisho wa mwaka wangu wa kwanza. Kawaida mwenyekiti alikuwa anatoa nasaha fupi, halafu mwalimu mkuu anasoma majina ya darasa la tatu waliofaulu kusoma na kuandika. Jua la Desemba limesimama utosini, wazazi wamejifunika khanga, watoto wamepangwa mistari. Mwalimu mkuu akainuka na karatasi yake. Mzee Nassor akanyoosha mkono.

"Nipe."

Mwalimu mkuu akanitazama, mie nikamtazama Mwalimu Mwanahawa. Safari hii hakukanyaga mguu wa mtu. Mzee Nassor akavaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"A," akasema. "A-bda-la. Abdala. Abdala S-se-fu."

Abdala Sefu akaja mbele mbio, akapeana naye mkono. Likaja la pili. Lilichukua muda. Mtoto mmoja mstari wa mbele, mwenye jina hilo, hakuvumilia, akasema kwa sauti, "Asha, babu, ni mie!"

"Usiniambie!" akafoka Mzee Nassor. "Kaa hapo ungoje jina lako!"

Na Asha akangoja, mpaka alipoitwa. Wote wakangoja. Majina yalikuwa mengi na jua lilikuwa kali, mtoto mmoja mdogo akalala begani kwa mama yake, akaamka, mzee bado yuko kwenye M. Kulikuwa na Mwajuma, Mwanahamisi na Mwanaidi wamefuatana, nikaona jasho linamtiririka hadi kwenye ndevu. Hakuna mzazi aliyeondoka. Kwenye Siwema hakukwama kabisa, alilitamka kwa mpigo mmoja, nadhani hilo alikuwa amelifanyia mazoezi.

Alipomaliza la mwisho watu hawakujua kama wapige makofi au waseme alhamdulillahi. Wakafanya vyote. Mzee Nassor hakuwasikia. Alikuwa ameigeuza ile karatasi, anaangalia nyuma yake kama kuna majina mengine.